Sura ya BMW E60: ubaya uliozoeleka au uzuri uliochelewa kueleweka?

Muulizaji, Kiembesamaki

Assalaam alaykum wapenzi wa magari wa Unguja na Pemba.

Naomba rai zenu katika jambo ambalo barazani kwetu limekosa mwisho. Nimepata BMW ya Series 5, umbo la E60, lile lililotoka mwaka 2003 na kuendelea kutengenezwa hadi mwaka 2010. Ni 525i ya rangi ya fedha, imetoka Japani, na bei yake naimudu. Habari za injini, spea na mafuta nimeshaziulizia kwa wanaojua, kwa hivyo sizileti hapa. Ninalolileta ni sura yake.

Ami yangu, mtu aliyemiliki E39, Series 5 iliyoitangulia hii, kwa miaka mingi, aliliangalia mara moja tu, akageuza uso na kusema kwamba hilo ni gari lililonyanyua nyusi kwa kuushangaa ubaya wake lenyewe. Kaka yangu mkubwa anasema haijatoka Munich, kwenye makao ya BMW, sedani nzuri kuliko hiyo tangu ilipotoka. Mimi nimekaa katikati: nikilitazama ubavuni linanivutia, nikilitazama usoni nasita, na nikizunguka nyuma nasita zaidi.

Nimesoma kwamba lilipotoka lilipigiwa kelele kila pahala, na kwamba mkuu wa wachoraji wa kampuni hiyo wakati ule, Mmarekani Chris Bangle, alisakamwa kwa jina lake. Sasa miaka zaidi ya ishirini imepita na kelele zimetulia. Je, kelele zile zilikuwa za haki? Na kama zilikuwa za haki, gari lililokuwa baya mwaka 2003 linawezaje kuwa zuri leo, hali bati lake ni lile lile?

Mwalimu mstaafu, Wete

Waalaykum salaam mwanangu. Swali lako la pili ndilo lenye uzito, lakini haliwezi kujibiwa kabla ya la kwanza, na la kwanza haliwezi kujibiwa bila ya kulitaja gari lililotangulia.

E39, iliyotoka mwaka 1995 na kuchorwa na Mjapani Joji Nagashima, ilikuwa na sifa ambayo wachoraji wote huitafuta na wachache huipata: kila mstari ulijua unakotoka na unakokwenda. Mstari wa bega ulianzia kwenye taa ya mbele, ukapita chini ya vioo bila ya kupanda wala kushuka ghafla, ukaishia kwenye taa ya nyuma. Mikunjo ya boneti ilitoka kwenye zile figo mbili za mbele, yaani matundu mawili ya hewa yaliyo puani, ikapanuka taratibu kuelekea kwenye nguzo za kioo. Aliyeiona pua yake tu angeweza kuukisia mgongo wake. Ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2000 na kutiwa zile pete za mwanga ambazo vijana huziita macho ya malaika, pete hizo zilikubalika mara moja, kwa sababu zilifuata duara za taa zilizokuwapo tangu mwanzo.

Sasa itazame E60. Ukingo wa juu wa taa, ile nyusi aliyoitaja ami yako, unapanda na kuingia ndani ya fenda, hali mkunjo wa boneti unashuka kuzifuata figo, na mistari hiyo miwili inagombana pale pembeni ambapo jicho la mtu hutua kwanza. Ubavu wake nakubali ni mzuri. Lakini ukifika nyuma unakuta kifuniko cha buti kimenyanyuka juu ya mabega ya gari na taa zimepanda kukifuata, na hapo unaona wazi kwamba aliyechora pua na aliyechora mkia hawakukaa meza moja. Ni kanzu iliyoshonwa na mafundi wawili, kola ya mmoja na mikono ya mwingine.

Wengi wanasahau kwamba kelele hazikuanza na gari hili. Zilianza mwaka 2001 na Series 7 ya umbo la E65, ambayo buti lake lilionekana kana kwamba limeazimwa kwenye gari jengine, hadi maelfu ya watu wakatia saini waraka kwenye intaneti wakitaka Bangle afukuzwe kazi. Hakufukuzwa. Alibaki hapo hadi mwaka 2009, alipoondoka kwa hiari yake. E60 ilipotoka, basi, watu walikuwa tayari wamekasirika, na hilo nalihesabu kwa upande wa utetezi wake.

Nina neno juu ya ndani pia, kwa kuwa sura ya gari haiishii kwenye bati. Dashibodi ya E39 ilikuwa imegeuzwa kidogo kumwelekea dereva, jambo ambalo kampuni hii ilijivunia kwa miaka. E60 ikaja na dashibodi iliyonyooka, kioo cha kompyuta kimepandishwa katikati, na lile gurudumu la iDrive la kukiendeshea karibu na gia, ambalo lilianzia kwenye E65. Gari linalojitangaza kuwa ni la dereva likamgeuzia dereva mgongo. Kwa hivyo jibu langu ni kwamba kelele zilikuwa kali kupita kiasi, lakini hazikuwa za uongo.

Mchoraji wa majengo, Mji Mkongwe

Shikamoo Mwalimu, na salaam kwa wote. Naomba nipingane nawe kwa heshima, na nianze na kumpa kila mtu haki yake.

Bangle alikuwa mkuu wa idara, hakuwa mwenye kalamu. E65 ilichorwa na Adrian van Hooydonk, ambaye baadaye ndiye aliyekirithi kiti cha Bangle. E60 ilitokana na mchoro wa Mtaliano Davide Arcangeli, kijana aliyetokea Pininfarina, kampuni ya Italia ya kuchora magari, na ambaye alifariki mwaka 2000 kwa saratani ya damu, kabla hajaliona gari lake barabarani. Nalitaja hili kwa sababu dhana ya mafundi wawili, mmoja wa pua na mmoja wa mkia, haikubaliani na historia ya gari lenyewe. Mtu akiuona mgongano pale pembeni ya taa, basi mgongano huo umekusudiwa na mkono mmoja.

Tuulize pia kwa nini kampuni iliyokuwa na E39, gari lililosifiwa na kila mtu, iliamua kuacha njia ile. Katika miaka ya 1990 Series 3, Series 5 na Series 7 zilifanana kiasi kwamba wakosoaji walizitania kuwa ni gari moja lililokatwa kwa urefu wa namna tatu. Wakati huo huo familia ilikuwa inakua: X5, gari la juu la umbo la jipu, ilitoka mwaka 1999, Z4 ya watu wawili na Series 1 ndogo zikafuata. Huwezi kuvisha sura moja familia ya magari yenye maumbo mbalimbali namna hiyo. Ama ungechora sedani ile ile tena na tena hadi watu waichoke, ama ungekubali kuwaudhi kwa muda. Bangle alichagua kuwaudhi, na mimi nasema alichagua vyema.

Tuje kwenye gari lenyewe. Ukiyafumba macho yako nusu, ukaziacha taa na mikunjo ukabaki na umbo tupu, E60 ni sedani ya kimapokeo kabisa. Urefu wake ni mita 4.84, na kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kuna mita 2.89, ndiyo maana pua haikuning'inia mbele ya tairi. Boneti ni ndefu, chumba cha abiria kimesogezwa nyuma, na dirisha la nyuma limeishia na ule mpindo wa mbele chini ya nguzo unaoitwa kwa jina la Wilhelm Hofmeister, mkuu wa wachoraji wa zamani wa BMW, ambao kampuni hii imekuwa nao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mifupa haikuguswa. Kilichobadilishwa ni ngozi, na ngozi hiyo ndiyo iliyowashinda watu kuisoma.

Kabla ya hapo, ubavu wa BMW ulikuwa bati lililobinuka kwa nje kuanzia juu hadi chini, na mstari mmoja au miwili ya kulipamba. Wachoraji wa Bangle walianza kulibinua bati kwa nje pahala na kwa ndani pahala, katika mlango huo huo mmoja, ili mwanga wenyewe uchore mistari badala ya chuma. Ngozi ya namna hiyo haieleweki kwenye picha ya gazeti, na watu wengi mwaka 2003 walilihukumu gari hili kwa picha. Ina sharti la mwanga wa ubavuni, na hapa kwetu jambo hilo ni zito kuliko Ulaya. Jua letu la saa sita husimama karibu na utosi. Kivuli chote kinaanguka chini ya gari, na milango ya E60 inaonekana imekufa. Lipeleke gari lile lile Forodhani baada ya alasiri, jua likiwa limelala upande wa bahari, utaona mwanga unavyotembea kutoka fenda ya mbele hadi taa ya nyuma, unazama kwenye mlango na kuibuka tena. Rangi ya fedha ndiyo inayoonyesha hayo vizuri kuliko zote. Nyeusi inayameza.

Juu ya mkia sitakutetea, ndugu muulizaji. Kifuniko kile cha buti kina faida zake za nafasi ya mizigo na za upepo, lakini faida si uzuri, na E60 inavumilika tu kwa sababu kwake jambo lile lilipunguzwa makali yaliyokuwapo kwenye E65. Ndani namwachia Mwalimu. Dashibodi ile sikuipenda na siipendi.

Fundi bodi, Mwanakwerekwe

Nimewasoma wote kwa makini na nimejifunza mengi juu ya wachoraji. Mimi gari hili nalijua kwa upande wa nyundo na puti ya kujazia bati, na nina la kuongeza ambalo naona linagusa swali la sura moja kwa moja.

Sehemu kubwa ya ubaya ambao watu wanauona kwenye E60 zinazotembea hapa si ubaya wa Munich, ni ubaya wa gereji. Huyu bibi wa Mji Mkongwe amesema kweli kwamba bati lake limebinuliwa ndani na nje katika mlango mmoja. Mlango wa namna hiyo ukigongwa, fundi aliyezoea kunyoosha bati la Corolla ataunyoosha hadi uwe bapa, atajaza puti, atapiga msasa, atapaka rangi, na mteja ataondoka ameridhika. Lakini ule mwanga unaotembea utafika kwenye mlango huo na kusimama. Mtazamaji hajui kilichotokea. Anajua tu kwamba gari halikai sawa machoni, na lawama anampa Bangle.

La pili ni pua. Gari hili kuanzia kwenye ukuta wa injini kwenda mbele, mifupa yake ni ya aluminiamu, na boneti na fenda za mbele ni aluminiamu vile vile. Walifanya hivyo ili kupunguza uzito wa mbele, gari lilale sawa kati ya ekseli mbili. Kwa dereva ni neema, lakini kwa fundi ni mtihani, kwa kuwa aluminiamu haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya chuma. Inataka mashine yake na gesi ya argoni, na hailainiki kwa moto kama chuma. Ukikosea kidogo inayeyuka ghafla bila ya kubadilika rangi kukuonya. Ukiongeza hewa yetu ya chumvi, boliti ya chuma ya kawaida iliyotiwa pahala pa boliti yake ya asili huifanya aluminiamu iliyo jirani ianze kuliwa na kutoa unga mweupe. Gari lililogongwa mbele na kutengenezwa ovyo halirudi tena kwenye mistari yake. Utaona nafasi kati ya boneti na fenda ni nyembamba upande mmoja na pana upande wa pili, na ile taa yenye nyusi, ambayo ukingo wake ulichorwa uendelee ndani ya fenda bila ya kukatika, inakaa imechomoza. Mgongano wa mistari aliousema Mwalimu upo, siukatai, lakini kwenye gari lililogongwa huongezeka maradufu.

Nikiwa hapo hapo, nionye juu ya sumaku. Wanunuzi wetu wana mazoea ya kupitisha sumaku kwenye bodi kutafuta puti. Kwenye E60 sumaku haitashika boneti wala fenda za mbele hata kama gari halijaguswa tangu kiwandani. Nimewahi kuona biashara ikivunjika kwa sababu hiyo, muuzaji ameapa na mnunuzi ameapa, na wote wawili ni wakweli. Milango na fenda za nyuma ni chuma. Huko sumaku itumike.

Na rimu zitazamwe. 525i nyingi zilitoka na rimu za inchi 16, na bodi ile kubwa juu ya rimu hizo inaonekana nzito. Zikiwekwa za inchi 17 mabega yanapata msingi. Za inchi 18 zinapendeza zaidi machoni, ila matuta yetu na mashimo ya vichochoroni yatakudai kila mwezi, hasa kama tairi ni zile ngumu zinazoweza kutembea bila ya upepo.

Kijana wa Mkoani

Assalaam alaykum wakubwa zangu. Naomba kusema machache. Mimi nimelijua gari hili likiwa tayari ni la zamani, kwa hivyo zile hasira za mwaka 2003 sizijui, na kwa macho yangu E60 ni gari lenye adabu. Mkitaka kuona jambo la kugombaniwa, itazameni M3, Series 3 ya mbio, ya umbo la G80, iliyotoka mwaka 2020, ambayo figo zake zimeshuka kutoka kwenye boneti hadi chini ya bampa na kibao cha namba kimewekwa katikati yake. Ukiisimamisha E60 pembeni ya gari hilo, nani ataona nyusi? Halafu M5, yaani toleo la mbio la E60, ilikuwa na injini ya V10 ya lita 5, yenye nguvu za farasi 507, ikizunguka zaidi ya mara 8,000 kwa dakika, ndani ya bodi hiyo hiyo ya sedani ya kwenda kazini. Gari lenye moyo kama huo linastahiki sura ya kuthubutu.

Mwalimu mstaafu, Wete

Marahaba binti yangu wa Mji Mkongwe, na ahsante kwa habari za marehemu Arcangeli. Lakini mkono mmoja ukichora mistari miwili inayogombana, mgombano haufutiki kwa kuwa mkono ni mmoja.

Kwako kijana wa Mkoani: gari halisafiki kwa kuwekwa pembeni ya lililo baya zaidi. Na tukiingia huko, G80 ina hoja ambayo E60 haina, kwa sababu figo ndefu za wima ni za asili katika kampuni ile. Figo zilianza na gari la 303 la mwaka 1933, zikiwa ndefu, na 328 ya mwaka 1936 ilikuwa nazo zimesimama kutoka juu hadi karibu na bampa. Anayezitetea figo za G80 anaweza kuonyesha babu yake. Taa zenye nyusi zina babu gani? Mimi sipendi hata hizo figo za G80, maana za mwaka 1936 zilikuwa nyembamba na zilisimama kwenye pua nyembamba, lakini angalau hoja ipo.

Ama swali la pili la muulizaji, kwamba baya linawezaje kuwa zuri na bati ni lile lile, sikulijibu mwanzo na nalijibu sasa. Magari mengine yalibadilika kuifuata E60. Taa zilizovutwa hadi ndani ya fenda na mabuti yaliyonyanyuka yakaenea Ujerumani, Japani na Korea, hadi jicho likakosa cha kulinganishia. Huo si ushahidi wa uzuri, ni ushahidi wa ushindi. E39 haikuhitaji kushinda. Ilipendwa siku ile ile ilipoonekana, na hata leo anayeiona kwa mara ya kwanza huipenda.

Mchoraji wa majengo, Mji Mkongwe

Mwalimu, E39 ilipendwa siku ile ile kwa sababu haikumwomba mtazamaji chochote alichokuwa hanacho. Hiyo ni sifa kubwa, lakini si sifa pekee. Hapo tutabaki tumetofautiana, na mimi sina shida na hilo.

Muulizaji, Kiembesamaki

Nawashukuru nyote kwa dhati. Jana baada ya alasiri nilimwomba muuzaji alilete gari Maisara, nikalizunguka taratibu. Ubavu wa kulia mwanga ulitembea kama ilivyoelezwa. Ubavu wa kushoto ulifika mlango wa nyuma ukasimama. Nyusi zenyewe sasa sizioni vibaya, na buti bado silipendi.

Nina swali moja la mwisho kwa fundi. Hili ni la mwaka 2005, yaani kabla ya marekebisho ya mwaka 2007. Kuna mtu ananishauri nitafute taa za baada ya marekebisho nizibandike, gari lionekane jipya. Nifanye hivyo?

Fundi bodi, Mwanakwerekwe

Usifanye. Marekebisho ya mwaka 2007 yaligusa taa za mbele na za nyuma pamoja na bampa, mabati makubwa yakabaki yale yale, lakini waya na kompyuta ya taa hazifanani, na utaishia na dashibodi inayokuonya kutwa kucha. Kama plastiki ya taa imepauka kwa jua, isuguliwe kwa msasa laini na maji kisha ipigwe polishi, na ndani ikaguliwe kama kuna unyevu. Taa iliyoingia maji ndiyo ya kuhofia, kwa sababu jozi nzima ni ghali.

Mlango wa nyuma wa kushoto una puti, hilo halina haja ya kubishana. Usipigwe puti juu ya puti; utafutwe mlango wa gari lililokatwa spea, wa rangi yoyote, upakwe upya. Tumia bei ya mlango huo kupunguza bei ya gari. Kabla ya kulipa niletee asubuhi, jua likiwa bado liko chini, tupime nafasi za boneti pande zote mbili na tuzifungue plastiki za ndani ya fenda kutazama zile boliti. Na mwambie muuzaji asilipige nta kabla ya kuja.